Miche Inanyauka, Shimo Limejaa Maji

SWALI: Tulipanda miche 150, mingi ikiwa migunga, kwenye kiwanja cha kiwanda kilichofungwa huku Eneo la Viwanda, zege lilipovunjwa. Kila jioni kila mche hupata lita tano, lakini majani yanageuka manjano na 30 tayari imekufa. Tuongeze maji? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Msiongeze hata tone kabla ya kuchimba. Kando ya mche ulionyauka, shukeni sentimita 30, kamateni udongo muufinye. Ukichuruza maji na kunuka kama yai viza, mizizi imekosa hewa. Ukiwa mkavu chini ya tabaka jembamba lililolowa, maji yenu hukaukia juu. Majani ya manjano hayawezi kuwaambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa kiwanja kilichokanyagwa na malori miaka na mikaka, sisi tunashuku la kwanza. Ardhi imeshindiliwa, na shimo lililochimbwa humo huwa sufuria: maji huingia, hayana pa kutokea. Udongo mweusi unaonata huzidisha, maana sepetu hulainisha kuta za shimo zikang'aa kama chungu, na mizizi ikizifikia huanza kuzunguka humo humo. Pimeni kwa shimo tupu la kina cha sentimita 60. Lijazeni, yakiisha lijazeni tena; maji yakiwa bado yamo baada ya saa 24, hapo hapapandiki hivyo hivyo.

Kwaruzeni kuta kwa jembe la meno, kisha pigeni mtaimbo chini ya shimo hadi gamba gumu la ardhi iliyoshindiliwa lipasuke. Likikataa, pandeni juu ya tuta la sentimita 30 hadi 40. Na tafadhali, msitandaze kokoto chini ya shimo ati zipitishe maji. Maji hugoma kushuka kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto hadi udongo wa juu ulowe chepechepe, kwa hiyo mnasogeza tu dimbwi karibu na mizizi.

Hewa ikishapatikana, kila mche upewe mtungi mmoja wa lita 20 kwa wiki wakati wa kiangazi, umiminwe polepole kwa awamu mbili ndani ya duara la kingo za udongo linalouzunguka mche, lenye upana wa mita moja. Sasa mnatumia lita 35 kwa wiki kwa mche. Kwa miche 120 iliyobaki mtaokoa lita 1,800 kila wiki. Tandazeni nyasi kavu unene wa sentimita nane, zisiguse shina. Joto la Januari na Februari likikausha udongo hadi sentimita 15 kabla ya wiki kuisha, rudieni siku ya tano. Masika yakinyesha vizuri, pumzikeni. Fanyeni hivyo kwa miaka miwili.

Jani likiwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, hiyo ni chokaa ya kifusi cha zege inayoizuia mizizi kupata madini ya chuma. Ondoeni kifusi, wekeni mboji. Maji hayatasaidia.

SWALI: Mti wa mvinje ulifaulu kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa. Je, hautajitafutia maji wenyewe hapa? – Msomaji, Embakasi

JIBU: Kule Mombasa, upandaji ulioanza 1971 ulifanyika kwenye sakafu ya machimbo ambayo maji ya ardhini yako karibu chini yake. Embakasi maji ya ardhini yako mbali mno kwa mche. Pandeni mvinje mkitaka, ila bajeti ya boza la maji ibaki pale pale.