Tairi kubwa? Dampa ya stelingi inunue mwisho

Ukivua zile tairi nyembamba za 7.50R16 kwenye pikapu ya Land Cruiser ukavalisha 285/75R16, usukani unabadilika tabia. Kila shimo unalisikia mikononi, na pale Mariakani malori yalipoibonyeza lami, gari linavutwa huku na huku. Ukilalamika tu, kila mtu atakwambia weka stabilaiza, yaani dampa ya stelingi, ile kama shokabsoba ndogo inayotuliza usukani.

Mimi nasema ngoja kwanza. Dampa hupunguza mishtuko, haikazi kilicholegea. Usukani ukitetemeka, anza na kubalansi magurudumu. Kisha gari liwe chini, injini ikiwaka, mwenzako azungushe usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe umelala chini umeshika tairodi endi, vile viungo vya vyuma vinavyogeuza magurudumu, moja moja. Ulegevu utausikia kidoleni kabla hujauona. Angalia pia bushi za Panhard (chuma kinachozuia ekseli isihame kando), bearingi za magurudumu na za kingpini, pale gurudumu linapogeukia. Dampa mpya juu ya bushi iliyokufa itakupa raha ya muda mfupi, halafu mtetemeko urudi na dampa yenyewe imeshachoka.

Haya, umekwenda dukani. Utasifiwa dampa ya gesi. Ibonyeze nondo, kile chuma kinachoingia na kutoka, mpaka ndani, uiachilie: ikitoka yenyewe, hiyo ni ya gesi, na msukumo huo huo unaweza kuvuta usukani upande mmoja. Ya mafuta hukaa pale ulipoiacha. Gesi ina faida yake kwenye murram ndefu yenye matuta madogo madogo, maana mafuta hayatoi povu upesi. Lakini kwa mizunguko ya mjini, Likoni na Kwale, ya mafuta iliyo nzuri inatosha. Za gesi mbili zinazoelekeana zinafutiana msukumo, ila usukani unakuwa mzito na unachelewa kurudi katikati. Kwa tairi za inchi 33 kama hizi sioni haja.

Mwenye Hilux ya siku hizi yenye stelingi ya raki, dampa iache, pesa zako peleka kwenye balansi na alaimenti.

Sasa chumvi, na hili wenzetu wa bara halijawafika. Kwa hewa yetu hii ya pwani kromu ya nondo huota vidoa vya kutu, vidoa vinakwaruza sili, ule mpira unaozuia mafuta, mafuta yanaanza kuchuruzika. Ukinunua ya mtumba, pitisha ukucha kwenye nondo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikwama hata mara moja, irudishe. Mpya nayo ichague yenye kifuniko cha mpira, na ukitoka ufuoni osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Siku ya kufunga, usiondoke gereji kabla usukani haujazungushwa mpaka mwisho pande zote mbili. Nondo ibakize nafasi ndani na nje, kwani ikigonga mwisho wake kabla ya stopa za stelingi, itang'oa mabano yanayoishika. Tairi nayo isiiguse. Fundi akisema hakuna haja, panda uzungushe mwenyewe, yeye achungulie chini.