Koneksheni ya Ujerumani ninayo, ila hutaipenda

Jumatatu usiku nimetoka zamu, miguu inawaka moto, nafungua simu nakuta meseji ya kijana mmoja, namba yangu sijui kaipata wapi. "Dada habari, nipe koneksheni ya Ujerumani, niko siriasi, pasipoti ninayo." Nikamuuliza umesomea nini. "Chochote dada, hata kufagia." Nikamuuliza Kijerumani uko levo gani, akasema hicho atajifunza akishafika.

Sikumjibu tena usiku ule. Sio roho mbaya, nilikuwa nimechoka, halafu hilo neno "hata kufagia" lilinichoma kwa sababu mwaka 2022 na mimi nililisema hivyohivyo, tena nalisema mbele ya mtu ambaye mkono wake mmoja ulikuwa unahesabu hela za mama yangu.

Basi leo niko ofu, wacha niandike mara moja ili wote mnaoniandikia niwe nawatumia huku.

Mwezi wa pili 2022 Uingereza walifungua viza kwa wahudumu wa wazee, na hiyo ilikuwa kweli kabisa. Uongo ulianza pale wakala alipotuambia ana nafasi 15 mkononi na zimebaki 4. Ofisi ilikuwa Kinondoni, ghorofa ya tatu, kiyoyozi, bendera ndogo ya Uingereza mezani, na dada wa mapokezi anaongea Kizungu cha puani mpaka unajiona mshamba kuuliza risiti. Alitaka milioni 7 na nusu. Mimi nilikuwa nauza duka la dawa Tanga, akiba yangu haikufika milioni moja na nusu, nyingine tukakopa kikoba, na milioni 5 mama aliuza kiwanja chake cha Pongwe, kile alichokuwa anasema atajenga vyumba viwili apangishe akizeeka. Hakunishauri wala kunilaumu, alisema tu "nenda mwanangu, utanirudishia bati."

Yule mtu alisema hela nyingi inaenda kununua cheti cha udhamini cha mwajiri. Sikujua kitu kimoja kidogo sana ambacho ningekijua nisingepigwa: ada ya cheti kile ni ya mwajiri, sio yako, na waajiri wote wenye leseni ya kuleta wageni wako kwenye orodha ya serikali ya Uingereza, iko wazi mtandaoni, bure, dakika mbili unaona. Na hata ukiliona jina bado uandike kuuliza, maana kampuni niliyopewa mimi ilikuwepo kwenye orodha kweli, nilipokuja kuwaandikia (nimeshachelewa) walijibu kwa adabu kwamba hawanijui na hawajawahi kunisikia.

Sasa kilichoniuma sio hela tu. Kilichoniuma ni kwamba nilishaagwa. Tena niliagwa vizuri! Kina mama wa mtaa walipika pilau, nikapewa kanga doti tatu na begi la magurudumu, mjomba akasoma dua ndefu mpaka watoto wakasinzia, picha zikarushwa kwenye grupu la ukoo na watu wakaandika "usitusahau". Kazi nilishaacha. Wiki ya kwanza wakala akasema viza imechelewa kwa sababu ya sikukuu ya kwao. Wiki ya nne akasema mtandao. Mwezi wa tatu simu haipatikani, nikapanda basi mpaka Dar, pale ofisini nikakuta mafundi wanapaka rangi, panakuwa saluni ya kiume.

Miezi minane nilikaa ndani. Tanga mji wa kujuana, huwezi kununua dagaa bila mtu kukuuliza habari ya nyumbani, kwa hiyo mimi ambaye maisha yangu yote ni mtu wa mtandio tu nikaanza kuvaa ninja nikitoka, macho tu yanaonekana. Siku moja niko gengeni nachagua nyanya, yule mama muuza akanitambua kwa mwendo, akainama karibu akaniambia taratibu, "Mwanangu, London mbona karibu hivi?" Nilicheka na kulia kwa pamoja nikasahau hata chenji. Mjomba mwenye dua ndefu yeye hakucheka, kila kikao cha familia lazima aseme "wengine tulishawasindikiza lakini bado tunao." Anasema mpaka leo, sa hivi anasema kwa utani, mimi bado sijaanza kuucheka.

Kilichonitoa ni shangazi yangu wa Tandika. Alikuja msibani, akanikuta jikoni, akasema begi lile la magurudumu si lipo? Lipakie twende Dar. Na ni kwake ndo niliposikia habari ya opea, maana mpangaji mwenzake alikuwa na binti aliyeenda hivyo. Opea ni kijana anaishi na familia ya Kijerumani, anawasaidia watoto mpaka masaa 30 kwa wiki, wanampa chumba, chakula, na hela ya mfukoni, mimi ilikuwa euro 280 kwa mwezi. Unatakiwa uwe na Kijerumani cha A1, yaani levo ya kwanza kabisa, na siku unaomba viza uwe hujatimiza miaka 27. Mimi nilikuwa na 26 na miezi minne. Piga hesabu mwenyewe.

Nikaanza kozi ya Kijerumani Goethe-Institut, kituo cha lugha cha Wajerumani pale Upanga. Asubuhi nasimama duka la dawa Temeke, mchana daladala, jioni der die das. Wenzangu darasani watoto wa chuo wanachukua haraka, mimi naandika maneno kwenye vikaratasi nabandika jikoni kwa shangazi mpaka shangazi naye akajua sufuria ni der Topf, akawa ananitania "lete topfu". A1 niliipata kwa 84 kati ya 100, pasi ni 60. Cheti nilikipiga picha nikamtumia mama peke yake.

Familia nilipata mtandaoni mwenyewe, bila wakala, baada ya kuandikia nyingi zisizojibu. Mama mwenye watoto wawili, wa miaka 4 na 7, tuliongea kwa video mara tano, Kijerumani changu kibovu lakini aliniona najitahidi. Mkataba ukaja kwa posta. Ubalozini Umoja House nikaingia na faili langu, mkataba, bima, cheti cha lugha, na dirishani nikaulizwa kwa Kijerumani hao watoto wanaitwa nani, wana miaka mingapi, na baada ya mwaka utafanya nini. Ada ilikuwa euro 75. Wakati naomba nilikuwa nimebakiza wiki tano kutimiza 27!

Safari hii sikuaga mtu. Mama na shangazi tu. Mtaa mzima Tanga walijua nimeondoka baada ya miezi miwili, tena waliona picha ya theluji.

Mwaka wa opea siuelezei, nilifunga zipu za majaketi ya watoto basi. Nilichofanya cha maana ni lugha. Mtihani wa B1, levo ya tatu, una sehemu nne, kusikiliza nikafeli, nikapata 53, unatakiwa 60, lakini uzuri wake unarudia sehemu uliyofeli peke yake. Nikarudia nikapita. Halafu nikaanza kuomba mafunzo ya uuguzi, wenyewe wanaita Ausbildung, miaka mitatu, unasoma huku unafanya kazi na unalipwa. Nilituma maombi 43. Watatu walinijibu. Mmoja akanichukua, akataka nifike B2, levo inayofuata, kabla ya kuanza, nikafika, ofisi ya wageni wakanibadilishia kibali nikiwa hukuhuku. Mwaka 2024 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye hospitali za umma alikuwa analipwa kama euro 1,340 kabla ya makato, na makato yapo, jamani, msije mkazidisha kwa shilingi mkaanza kunipangia harusi za kuchangia.

Mwezi uliopita nimepita mtihani wa katikati. Kwenye darasa letu wamefeli sita na wanne kati yao wamezaliwa hapahapa. Nasema tu.

Sasa nisikilizeni. Koneksheni ni lugha. Mnaniuliza njia ya mkato na mimi nawaambia tena, ni lugha. Mtu ana laki 8 za kumtumia mtu asiyemjua kwa simu, ukimwambia alipie kozi anakwambia hela hana. Mtu ana muda wa kukaa kwenye magrupu ya "fursa nje ya nchi" kutwa nzima, ukimwambia nusu saa ya Kijerumani kwa siku anakwambia kazi zimembana. Tusidanganyane.

Kuna wenye digrii mnaniuliza kuhusu kadi ya fursa, hii iliyoanza Juni 2024, unakuja mwaka mmoja kutafuta kazi. Ipo kweli, bila wakala. Unahitaji digrii au fani ya angalau miaka miwili inayotambulika ulikosomea, ufikishe pointi 6 za umri, uzoefu, lugha na mengineyo, na Kijerumani A1 au Kiingereza B2. Ila lazima uonyeshe utajikimu, kwa 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, zidisha kwa 12 uone, ni zaidi ya milioni 30 za kwetu zikae kwenye akaunti iliyofungwa unachota kidogokidogo kila mwezi. Wanaokuja kusoma chuo nao hivyohivyo, wao 992 kwa mwezi. Hela hiyo ni yako, hailiwi na mtu, lakini lazima iwepo. Ndo maana nawaambia wasio na hela kama nilivyokuwa mimi waangalie mafunzo ya kazi, maana pale mshahara wako ndo unakutetea. Na Kijerumani cha A1 kwenye kadi ya fursa kinakuingiza nchini, kazini hakikufikishi popote, nimewaona watu hapa wana masters wanabeba maboksi usiku kwa sababu ya lugha.

Uarabuni sipaongelei sana, binamu yangu yuko Muscat na yeye kapata watu wazuri, mwenzake aliyeondoka naye hakupata. Mkienda huko mkataba upite kwa wakala mwenye kibali cha serikali, ulizeni TaESA kwanza, ile taasisi ya serikali ya huduma za ajira, na nakala ibaki nyumbani kwa mtu anayejua kusoma.

Na Uingereza ile ya wahudumu, imeshafungwa kwa watu wanaoomba kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025. Imefungwa! Lakini wiki hii tu nimetumiwa tangazo lina picha ya saa ile kubwa ya London, "wahudumu wa wazee nafasi 20, wahi zimebaki 6". Namba sio ya yule wangu. Maneno ni yake kabisa, mpaka lile "wahi".

Desemba nilikuwa nyumbani. Tulipita Pongwe na mama kwenye bajaji, kile kiwanja kina nyumba sasa, bati la bluu, kuna mtoto anaosha vyombo nje. Mama hakugeuza shingo. Mimi niligeuza.

Yule kijana nilimjibu Jumanne asubuhi. Nilimwandikia Kijerumani cha wiki ya kwanza darasani, Wie heißt du? Wie alt bist du? Wo wohnst du? Yaani jina, umri na unapoishi. Nikamwambia usitumie programu ya kutafsiri, uliza hata mtu, jibu hata kwa makosa, ukijibu tutaongea. Tiki za bluu ziko mbili. Leo ni Ijumaa.