Mkuu, weka kinu chini: olivini ya kupima maji haisagwi

Mkuu, weka hicho kinu chini kwanza. Umesema una olivini, yale madini ya kijani, kutoka mawe ya volkano ya Lashaine, kaskazini mwa Tanzania, unataka kuisaga, uichanganye na chumvi ya potasiamu bromidi, uibane iwe kidonge, upime kwa infraredi ina maji kiasi gani. Ukauliza uwiano wa unga na chumvi, na mashine ipi inafaa. Hakuna uwiano. Usisage!

Mimi nilisaga fuwele zote nilizochambua kwa hadubini, moja moja, kwa sababu msimamizi alinipa mwongozo wa kupima udongo akasema madini ni madini. Grafu ikaja na nundu pana karibu na 3,400 kwa sentimita (kipimo cha mawimbi ya infraredi), tukapongezana kwamba tumeyaona maji ya koti la Dunia, lile tabaka la mawe lililo chini ya gamba. Yalikuwa unyevu wa chumba! Potasiamu bromidi hufyonza mvuke wa hewani kama chumvi ya mezani wakati wa masika. Ukiona na kilele cha 1,630, hizo ni molekuli za maji zilizoshika kwenye chumvi na juu ya punje za unga. Haidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni zilizoshikana, ndiyo tunayoiita maji ya olivini; ikiwa imefungwa ndani ya fuwele haitoi kilele hicho. Na unga haurudi kuwa fuwele. Safari ya kuokota mawe mengine utailipia wewe, aliyekupa mwongozo hachangii hata nauli.

Kidonge kina kazi yake, kutambua madini: mitetemo ya silikoni na oksijeni karibu na 1,000 ni mikali mno, unga kiduchu unatosha. Lakini maji ya olivini huhesabiwa kwa sehemu chache hadi mamia machache kwa milioni. Mwanga lazima upite ndani ya fuwele nzima, nene.

Ile ringwudaiti (madini yenye kemia ya olivini yaliyobanwa kwa shinikizo kubwa) iliyotangazwa 2014, iliyonaswa ndani ya almasi ya Juína, Brazil, ilisomwa kwa infraredi ikiwa humo humo ndani ya almasi. Ikaonekana ina maji yapata asilimia 1.5 ya uzito wake, ushahidi kutoka ukanda ulio kati ya kilomita 410 na 660 chini. Chembe yenyewe huioni kwa macho. Angetokea mtu na kinu pale!

Chagua fuwele safi isiyo na nyufa wala mishipa ya serpentini, maana serpentini, madini yanayotokea olivini ikiingiwa na maji, ina haidroksili yake na itakudanganya. Ng'arisha pande mbili zinazotazamana, unene nusu milimita hivi, uupime kwa mikrometa. Gundi iliyoshikilia fuwele wakati wa kung'arisha, ioshe kwa asetoni. Ukiona vilele kati ya 2,850 na 2,960, bado imo. Tumia mwanga uliopolarishwa, yaani unaotetemeka upande mmoja tu, upime mihimili yote mitatu ya fuwele, kwa sababu olivini hainyonyi mwanga sawa kila upande.

Kama zipo ambazo hujasaga, weka picha zake hapa leo kabla hujagusa kitu.