Jicho lilipozama, mimi nilikwenda kununua miwani

Nilimaliza matibabu ya saratani ya titi, nikajihesabu nimepona. Miaka sita ikapita. Siku moja nashuka daladala Mnazi Mmoja, nikaona ngazi mbili, nikakanyaga ile isiyokuwepo. Konda akanidaka mkono: "Mama, taratibu!"

Kwenye kliniki ya macho niliandikiwa matone, niliporudi nikaandikiwa miwani. Hakuna aliyeniuliza nimewahi kuumwa nini, nami sikusema. Titi na jicho, wapi na wapi? Miezi miwili ikaenda hivyo.

Wifi yangu ndiye aliyeshtuka, ananisuka: "Wifi, mbona jicho la kushoto limeingia ndani?" Nikamwambia nimekonda tu. Wengi tunajua uvimbe husukuma jicho nje, na mara nyingi ndivyo. Lakini saratani ya titi ikisambaa kwenye tundu la jicho inaweza kufanya kama kovu gumu, likalivuta jicho ndani. Kufikia hapo kanga yangu nyekundu, nikifumba jicho la kulia, ilionekana kama imelowekwa kwenye jiki.

Nilikwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road na faili langu la zamani. Wakanipiga picha, wakachukua kinyama kupima, nikaanzishiwa mionzi na vidonge vya homoni. Maumivu yaliisha. Nuru haikurudi yote.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyewahi kutibiwa saratani, hata kama ni zamani, mwambie daktari wa macho kabla hujakaa kitini. Nyumbani fumba jicho moja moja, tazama kitu chekundu. Upande mmoja ukififia, au ukiona viwiliviwili, usinunue matone dukani. Nuru ikipungua ghafla usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Mshipa wa fahamu wa jicho ukibanwa muda mrefu, haurudi kama ulivyokuwa.

Mengine unajifunza jikoni. Chai yangu ya kwanza niliimwaga yote mezani, maana jicho moja halipimi umbali vizuri. Sasa naegemeza mdomo wa chupa kwenye ukingo wa kikombe ndipo namimina. Barabarani nageuza kichwa kizima, bodaboda wa kushoto simwoni kabisa.

Na ile miwani niliyouziwa pasipo faida? Nimebandika karatasi kwenye kioo cha kushoto, nikiivaa ngazi inabaki moja.