Maswali ya Wasomaji: Uchaguzi wa Mtaa Huamuliwa Siku Gani?

Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, barua zinazohusu wenyeviti wa mitaa hazijakoma kufika katika safu hii, na nyingi zinatoka Dar es Salaam. Hilo halinishangazi. Katika jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kuonana na mbunge wake uso kwa uso, lakini siku anapotaka kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki au kumdhamini ndugu yake polisi, ni lazima apite ofisi ya mtaa. Nimechagua barua nne ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

*Ndugu Mhariri, nimeishi Wilaya ya Ubungo kwa miaka kumi na mmoja, katika nyumba ya kupanga. Nina kadi ya mpiga kura niliyoitumia katika uchaguzi mkuu wa 2020. Siku ya uchaguzi wa mtaa nilifika kituoni saa mbili kamili asubuhi, nikaambiwa jina langu halimo. Nilipotoa kadi nikaambiwa kadi hiyo haihusiki. Baba mwenye nyumba wangu anasema wapangaji hawahesabiwi kuwa wakazi. Je, ni kweli? Na kadi ya Tume ina kazi gani basi? — Msomaji, Ubungo*

Ndugu yangu wa Ubungo, pole kwa kurudishwa nyumbani. Nianze na la baba mwenye nyumba, kwa kuwa ni fupi: si kweli. Sifa ya mpiga kura katika uchaguzi wa mtaa ni kuwa raia wa Tanzania, kuwa na umri wa miaka 18 au zaidi, kuwa na akili timamu, kuwa mkazi wa eneo la mtaa huo na kuwa umejiandikisha hapo. Mpangaji wa chumba kimoja na mwenye ghorofa wana kura moja moja. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu Dar es Salaam ni jiji la wapangaji, na fikra hii ya kwamba mtaa ni wa wenye nyumba imewafanya watu wengi, hasa vijana, wajiondoe wenyewe kabla hawajaondolewa na mtu.

Kuhusu kadi, uliyoambiwa kituoni yalikuwa sahihi, ingawa naamini yasingekuuma sana kama mtu angekueleza mapema. Nchini kwetu kuna orodha mbili za wapiga kura, na hazina uhusiano. Ya kwanza ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalotunzwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambalo hutumika kumchagua Rais, wabunge na madiwani. Ya pili ni orodha ya wapiga kura ya mtaa, ambayo huandikwa upya kila uchaguzi wa serikali za mitaa unapofika, haitoi kadi yoyote, na kazi yake huishia katika uchaguzi huo. Kwa uchaguzi wa 2024 orodha hiyo iliandikwa kwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, katika kila mtaa. Aliyepitwa na siku hizo kumi hakuwa mpiga kura wa mtaa, hata kama alikuwa na kadi za chaguzi tatu kabatini.

Mkanganyiko uliongezwa na kalenda. Mwaka huohuo wa 2024, kuanzia Julai, Tume ilikuwa ikizunguka mikoani kuboresha Daftari la Kudumu, ikianzia Kigoma, na zamu ya Dar es Salaam ilikuja Machi 2025. Mwananchi aliyekuwa akisikia redioni neno “kujiandikisha” mara mbili kwa siku angejuaje kwamba mambo yanayosemwa ni mawili? Wengi waliamini kwamba kwa kuwa wana kadi, tangazo haliwahusu. Wengine waliahirisha wakingoja zamu ya Dar es Salaam, na zamu waliyoingoja haikuwa ya uchaguzi wa mtaa.

Chanzo cha kuwa na orodha mbili ni kwamba wasimamizi ni wawili. Uchaguzi wa serikali za mitaa hausimamiwi na Tume. Husimamiwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kupitia ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, tunayoizoea kwa jina la TAMISEMI. Wananchi waliokwenda mahakamani mwaka 2024 kupinga utaratibu huo hawakufanikiwa kuuzuia. Mimi naona hoja yao ilikuwa na uzito, na sioni sababu ya kuuficha msimamo wangu: waziri ni mwanachama wa chama kinachoshindana katika uchaguzi huohuo, na hata akitenda haki kwa asilimia mia, aliyeshindwa atabaki na shaka ambayo hakuna wa kumwondolea. Kuukabidhi uchaguzi huu kwa Tume na kutumia daftari moja kungekuponya wewe na maelfu wengine na safari ya bure ya kituoni.

Hadi hapo patakapobadilika, shika jambo moja. Baada ya uandikishaji kufungwa, orodha hubandikwa mahali pa wazi katika mtaa ili wakazi waikague. Nenda ukaisome mwenyewe, utafute jina lako, na lisipokuwamo au likiwa limeandikwa vibaya, peleka dai wakati huo. Siku ya kura ni siku ya kuchelewa.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Temeke. Nilihitaji barua ya utambulisho ili nifungue akaunti ya kikundi chetu cha akina mama. Nilianza kwa mjumbe wa nyumba kumi, akanipa karatasi na nikampa elfu mbili. Nikaenda ofisi ya mtaa, mwenyekiti akasema nimsubiri mtendaji, na mtendaji alipofika nikaombwa elfu tano za “muhuri”. Sikupewa risiti. Naomba kujua, kati ya hawa watatu nani niliyemchagua, na nani ana haki ya kunidai? — Mama wa kikundi, Temeke*

Mama yangu, swali lako limebeba maswali ambayo watu wazima wengi huona haya kuyauliza. Kati ya hao watatu, mmoja tu ndiye aliyetokana na kura ya wakazi wote, naye ni mwenyekiti.

Mjumbe wa nyumba kumi, ambaye wengine humwita balozi, ni kiongozi wa shina la Chama Cha Mapinduzi. Mfumo huo uliasisiwa na TANU wakati chama kilikuwa kimoja, na wakati ule chama na serikali vilikwenda pamoja hadi mlangoni mwa mtu. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, mjumbe huyo alibaki kuwa kiongozi wa wanachama wenzake, lakini si ngazi ya serikali. Hata hivyo mazoea yamedumu, na watu wa vyama vyote bado hupita kwake kwa sababu anawafahamu wakazi. Kumheshimu si kosa. Kulazimishwa kupita kwake ndiko kusiko na msingi, na elfu mbili uliyotoa haikuwa ada ya serikali yoyote. Jina nalo huchanganya, maana wajumbe wapo wengine, wale wa Kamati ya Mtaa, waliochaguliwa siku moja na mwenyekiti, baadhi katika kundi mchanganyiko na baadhi katika viti maalumu vya wanawake. Hao ni viongozi wako hasa, nawe una haki ya kuwafuata.

Afisa Mtendaji wa Mtaa hachaguliwi. Ni mwajiriwa wa halmashauri, analipwa mshahara, na ndiye mtendaji na mtunza kumbukumbu za ofisi. Mwenyekiti, kinyume chake, hana mshahara. Hupata posho, ambayo hutegemea uwezo na uamuzi wa halmashauri, na mara nyingi ni ndogo kuliko nauli anayotumia kuitikia wito wa kata. Nalieleza hili ili tuone mzizi, si kumtetea anayetoza wananchi. Tunamchagua mtu kwa kura, tunamgongea mlango saa nne za usiku kwa ugomvi wa ndoa na mpaka wa uzio, kisha tunamwacha ajitafutie riziki katika foleni ya wenye shida. Jamii inayojali uongozi wa mtaa ingepaswa kuidai halmashauri posho ya heshima kwa wenyeviti, na hapohapo kumkataa kila anayeuza muhuri.

Kwa upande wako, fedha halali ya serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na hutolewa stakabadhi. Ukiombwa fedha mkononi, omba namba hiyo kwa upole, na ukikosa, peleka malalamiko kwa Afisa Mtendaji wa Kata au kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Vivyo hivyo kwa wale wanaoambiwa wampe mwenyekiti asilimia kumi ya bei ya kiwanja kwa kushuhudia mauzo: hakuna sheria inayompa mwenyekiti sehemu ya bei ya ardhi ya mtu.

Na kwa kuwa umetaja kikundi, usiishie benki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ulizieni utaratibu kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

*Mhariri, asalaam aleikum. Nimehamia Ilala kutoka Unguja. Kwetu tunaye sheha, na hatumpigii kura. Huku naambiwa nina haki ya kumchagua mwenyekiti. Ni sawa? — Msomaji, Ilala*

Waaleikum salaam. Ni sawa kabisa. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, ilhali mwenyekiti wa mtaa, upande wa Bara, huchaguliwa na wakazi kwa muda wa miaka mitano. Ukiwa raia na ukiwa unaishi katika mtaa huo, utajiandikisha na kupiga kura kama jirani yako aliyezaliwa hapo. Usichanganye tu na Mkuu wa Wilaya, ambaye huteuliwa na Rais, wala na Meya, ambaye huchaguliwa na madiwani miongoni mwao wenyewe.

*Shikamoo Mhariri. Nina miaka 23, ni dereva wa bodaboda, nakaa Kinondoni. Sisi vijana wa kijiwe chetu tunataka mmoja wetu agombee uenyekiti wa mtaa uchaguzi ujao, kwa sababu mitaro imeziba na mikutano haiitishwi. Hatutaki chama. Tunaweza kumsimamisha kama mgombea binafsi? — Kijana wa kijiwe, Kinondoni*

Marahaba, kijana wetu. Umri unaruhusu, kwani mgombea anatakiwa kuwa na miaka 21. Lakini hapa Tanzania mgombea ni lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki ya mgombea binafsi kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani haikumkubalia mwaka 2010, akaenda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, nayo Juni 2013 ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Miaka imepita na katazo bado lipo.

Maana yake kwenu ni kwamba uchaguzi wa mtaa wenu utaanza mapema kuliko mnavyofikiri. Katika mtaa ambao chama kimoja kina nguvu sana, kura za maoni za wanachama wake ndizo humwamua mwenyekiti, nazo hupigwa wiki kadhaa kabla ya ninyi kupanga foleni. Kisha huja fomu. Mwaka 2024 zilichukuliwa na kurejeshwa kati ya tarehe 26 Oktoba na 1 Novemba, na uteuzi ukafanyika tarehe 8 Novemba. Hapo ndipo vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi waliondolewa kwa dosari za ujazaji. Malalamiko ya namna hiyo yalivifanya baadhi ya vyama, kikiwamo CHADEMA, kujitoa kabisa mwaka 2019. Matokeo yaliyotangazwa 2024 yaliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Kila mmoja ana tafsiri yake ya takwimu hiyo. Yangu ni kwamba kosa linaloweza kurekebishwa kwa kalamu mbele ya msimamizi msaidizi halipaswi kuwanyima wakazi wa mtaa mzima nafasi ya kuchagua kati ya watu wawili.

Kwa hiyo mwenzenu ajiunge na chama anachokiamini sasa, asingoje mwaka 2029. Awe na makazi yanayojulikana katika mtaa huo na kipato halali anachoweza kukieleza, na fomu yake isomwe na macho mengine mawili kabla haijarudishwa. Akienguliwa, pingamizi na rufaa vina muda mfupi sana, wa kuhesabu siku, hivyo kijiwe chote kijue ratiba.

Kuhusu mikutano, hamhitaji kungoja uchaguzi. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapotakiwa kusomwa. Andikeni barua ya kuomba uitishwe, mtie saini wengi, mpeleke nakala kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kwa diwani, na mbakize nakala moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Katika barua hiyo utajeni mtaro ulioziba kwa mahali ulipo.