Re: Mawe yangu ya borati hayawaki kwenye tochi ya UV, ni feki?

Mkuu usiyatupe hayo mawe. Umesema kolemanaiti na uleksaiti (zote ni borati, yaani madini yenye boroni) ulizoletewa na ndugu yako toka California ukizimulika na tochi ya kukagulia noti unaona zambarau tupu, hapo mwenye shida ni tochi. Nyingi za bei chee ni za nanomita 395, zenyewe zinatoa zambarau ya kuonekana kwa macho, inagonga jiwe jeupe inarudi na kuufunika mwanga wa jiwe, na borati nyingi huwa zinawaka kwa unyonge. Tafuta ya 365 yenye kioo cheusi cha kuchuja, na ukipata taa ya mawimbi mafupi, 254, hapo ndo utaenjoi.

Mimi nakusanya haya mawe na nayapenda sana, kolemanaiti zangu za mji wa Boron kule jangwa la Mojave, California, nikiziweka kwenye 254 zinatoa krimu au njano iliyopauka, ila utamu wenyewe ni ukizima taa, jiwe linabaki linawaka kidogo. Fumba macho, zima taa, ndo ufumbue, maana macho yakishazoea mwanga hutaona kitu. Na usimulike kupitia kioo cha kabati, kioo cha kawaida kinazuia 254 yote. Hiyo taa inaunguza macho kweli kweli, vaa miwani ya kukinga UV na watoto wakae mbali.

Boroni yenyewe, ile elementi iliyo ndani ya borati, siyo inayowaka, mara nyingi ni uchafu kidogo ulionaswa wakati jiwe linajengeka kwenye ziwa la chumvi la zamani, ndo maana vipande vya mgodi mmoja vinaweza kutofautiana, sembuse vya Bigadiç kule Uturuki na vya Death Valley kule California. Kwa hiyo hata likiwaka bado hujajua ni jiwe gani, kalsaiti, madini ya kawaida ya chokaa, nayo inawaka krimu na kubaki inawaka vilevile! Dondoshea pembeni tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kalsaiti itatoa povu papo hapo, kolemanaiti itatulia. Uleksaiti kama ni ya nyuzi na imekatwa ikang'arishwa pande mbili, iweke juu ya gazeti uone herufi zinavyopanda mpaka juu ya jiwe.

Kama kwenye mzigo kuna na boraksi, borati nyingine, usiioshe, itayeyuka. Ifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa, ikiachwa wazi inapoteza maji na kugeuka unga mweupe.