Ukiandika kuhusu LINES na COLUMNS, sema ni nani mwenye neno la mwisho

Miongozo mingi ya programu za terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, huimaliza habari ya LINES na COLUMNS, vigeu vya mazingira (thamani zenye majina ambazo programu hupewa inapoanza), kwa mstari mmoja: "Huweka idadi ya mistari na safu." Si uongo, ila haimsaidii mtu. Anayefungua mwongozo saa hiyo jedwali lake limeshavurugika, na anachotaka kujua ni kimoja: nikiweka COLUMNS=100 na dirisha langu lina safu 72 (nafasi 72 za herufi kwa upana), programu itafuata lipi?

Naitunza programu ya stoo ya duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na inatumika kwenye skrini za kila namna. Kaunta kuna kompyuta kuukuu. Kijana anayepokea mzigo gatini anatumia simu, kwa Termux, terminali ya simu za Android. Mwenye duka, ami yangu, hupenda herufi kubwa. Akishaanza kubonyeza Ctrl na + dirisha labaki lilivyo, lakini safu zapungua, maana terminali hujipima kwa herufi, si kwa sentimita. "Mwanangu, bei ya boriti imekwenda wapi?" Bei ipo, ami, imeangukia mstari wa chini. Kwenye simu mambo ni mengine: safu hazibadiliki, ila kibodi ikichomoza tu, mistari hupungua karibu nusu.

Sasa, nani ana neno la mwisho? Hakuna sheria inayofuatwa na wote, na hapo ndipo mwongozo unapohitajika. Kiwango cha POSIX, cha mifumo ya aina ya Unix, kinazieleza COLUMNS na LINES kuwa ni upana na urefu anaoupendelea mtumiaji, basi mtu angetarajia zisikilizwe kwanza. Programu zilizojengwa juu ya ncurses, maktaba ya kuchora skrini za maandishi, kwa kawaida hufanya hivyo: vigeu hivi vikiwemo kwenye mazingira, vinashinda, na ukivuta dirisha programu haitanuki nalo. less, programu ya kusomea maandishi ukurasa kwa ukurasa, inakwenda kinyume, na mwongozo wake wasema wazi kwamba dirisha likijulikana ukubwa wake, ndilo linalofuatwa. man, inayoonyesha miongozo ya amri, huanza na kigeu chake MANWIDTH, kisha COLUMNS. Lugha ya Python, kwa kitendakazi shutil.get_terminal_size, hutazama vigeu kwanza, kisha huuliza terminali, na ikikosa jibu hushika 80 kwa 24, vipimo vya VT100, terminali ya kampuni ya DEC ya mwaka 1978. Umri wote huo na bado tunazipanga ripoti zetu kwa kipimo chake!

Kwa hiyo mimi huandika mfuatano mzima, kwa sentensi, si kwa kudokeza: "Programu hutazama kwanza chaguo la --upana. Lisipowekwa, hutazama COLUMNS, iwapo ni namba kamili iliyo kubwa kuliko sifuri. Kisha huiuliza terminali. Vyote vikikosekana, hutumia 80." Mtu akisoma hapo hana haja ya kunipigia simu.

Jambo la pili linarukwa na waandishi wengi, na kwa maoni yangu ndilo lenye kusumbua zaidi. Mtumiaji anaandika `echo $COLUMNS`, anaona 72, anaridhika. Kisha anaandika `env | grep COLUMNS`, kukitafuta kwenye mazingira, na hapati kitu. Bash, sheli inayopokea amri zako, hujiwekea namba hizo kwa matumizi yake yenyewe, kupitia chaguo lake la checkwinsize, ambalo tangu toleo la 5.0 huja likiwa limewashwa. Kuwapo ndani ya sheli si kupitishwa kwa programu. Usipolisema hili, msomaji ataapa kwamba kigeu kipo na programu yako imekikataa.

Akishagundua, atakimbilia kutia `export COLUMNS=100` kwenye .bashrc, faili ya mipangilio ya Bash, ili kigeu kipitishwe kwa kila programu. Mwongozo wako umzuie. Programu hupewa nakala ya mazingira inapoanza, na nakala hiyo haibadiliki dirisha linapobadilika. Ukubwa halisi ni habari nyingine: dirisha likivutwa, programu hupelekewa ishara ya SIGWINCH, ikauliza upya. Kigeu kilichogandishwa ni kama kanzu uliyoshonewa utotoni. Mwonyeshe badala yake jinsi ya kukiweka kwa amri moja tu: `COLUMNS=100 stoo orodha`.

Kuna mahali kigeu kinafaa kwelikweli. Ripoti yetu ya usiku hutolewa na cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, na huko hakuna dirisha la kupimwa, basi COLUMNS=100 imeandikwa palepale kwenye mstari wa kazi. Kwa anayeingia kutoka kompyuta nyingine kupitia ssh sihangaiki, kwani ssh yenyewe huchukua ukubwa wa dirisha hadi upande wa pili na kuupeleka tena unapobadilika. Kebo ya siriali haina njia hiyo. Huko `stty size` huweza kukujibu 0 0, na dawa ni `stty rows 24 cols 80`. Andika pia kwamba `stty size` hutaja mistari kwanza, kisha safu. Wengi huzisoma kinyume, kwa kuwa midomo imezoea 80 kwa 24.

Kabla ya kuutoa mwongozo, jaribu kila sentensi yake: endesha programu kwa COLUMNS=40, kwa COLUMNS=0, kwa COLUMNS=abc, kisha pitisha matokeo kwenye `| cat`, ili yasiende moja kwa moja kwenye terminali. Yangu ikipewa 0 au abc huipuuza bila kulalamika na kwenda kuiuliza terminali, na hivyo ndivyo mwongozo unavyosema, neno kwa neno.